Mwananyamala Maana Yake "Mtoto Nyamaza": Historia ya Mtoto Asiyetulia, Kutoka Kiboko Mpaka Visoda

Ukishuka daladala pale Mwananyamala ukawauliza wazee jina la mtaa lilitoka wapi, wengi watakupa stori inayofanana. Enzi hizo eneo lilikuwa pori, watu wakipita wanapita kwa hofu, na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anambembeleza kwa Kizaramo: "mwana nyamala". Yaani mtoto nyamaza. Jina likaganda mpaka leo.

Sasa mpige picha mama mmoja wa mtaa huohuo, leo hii. Anakaanga maandazi alfajiri, saa moja kasoro anamtafutia mwanae kiatu cha pili, kiatu kimoja kiko uvunguni na kingine kiko kwa jirani. Dogo yuko darasa la tatu. Kalamu anapoteza kila wiki. Akitumwa dukani kuleta chumvi anarudi na stori ya paka. Darasani anasimama, anakaa, anagonga meza, anajibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Sio mjinga. Ukimuuliza magari yote yanayopita barabara ya Mwinjuma atakutajia. Ila daftari lake limejaa "hajamaliza kazi" kwa wino mwekundu.

Kila mtu ana dawa yake. Bibi anasema, "Mchape huyo, wewe unamdekeza." Jirani anasema, "Dada, huyo mtoto sio bure, mpelekeni akaombewe." Mwalimu ameandika barua, mzazi afike shuleni. Na baba mtoto ameshaamua: likizo ijayo dogo anapelekwa Lindi kwa babu yake, akanyooshwe huko.

Mama ana wiki chache tu. Na swali lake ni moja: huyu mtoto hataki kutulia, au hawezi?

Kumbe swali hilo lina zaidi ya miaka 200, na lilianza kuulizwa mbali sana na Mwananyamala.

MADAKTARI WALIANZA KUMUONA LINI?

Mwaka 1798 daktari mmoja wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika kitabu kuhusu maradhi ya akili. Ndani yake kuna sura inaongelea umakini, na humo anawaeleza watu ambao akili zao haziwezi kukaa kwenye kitu kimoja, wanasumbuliwa na kila sauti na kila kinachopita. Akasema mtu anaweza kuzaliwa hivyo, na kwa watoto huanza kuonekana mapema wakianza masomo.

Halafu ikaja stori ambayo kila mzazi ataicheka. Desemba 1844, daktari wa Frankfurt anaitwa Heinrich Hoffmann alitoka kumtafutia mwanae wa miaka 3 kitabu cha Krismasi. Hakuna alichokipenda dukani. Akanunua daftari tupu, akarudi nyumbani, akaandika na kuchora mwenyewe. Kitabu kilichapwa 1845, na kwenye matoleo yaliyofuata mmoja wa wahusika wake ni mtoto Philipp, ambaye hatulii mezani. Anabembea na kiti mbele na nyuma, baba anamkanya, mama anatazama tu, mwisho anaanguka na kitambaa cha meza, chakula chote chini. Ujerumani mpaka leo mtoto asiyetulia anaitwa kwa jina la huyo Philipp.

Mwaka 1902 London, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mbele ya madaktari wenzake kuhusu watoto 43 aliowachunguza. Wengine walikuwa na akili za kawaida kabisa, wametoka familia zinazojali, ila walishindwa kujizuia. Kitu kimoja alichokiona ni kizito mno kwa mzazi yeyote mwenye fimbo: watoto hawa wakiadhibiwa, muda si mrefu wanarudia kosa lilelile. Yaani tangu 1902 ilishaonekana kiboko hakimfiki mtoto huyu pale wanapotaka kimfike. Still aliliita tatizo hilo upungufu wa kujizuia kimaadili. Jina baya, ila macho yake yaliona vizuri.

HOMA ILIYOBADILISHA WATOTO

Kuanzia 1917 hivi dunia ilikumbwa na ugonjwa wa kuvimba ubongo uliowafanya watu walale mfululizo. Watoto waliopona, baadhi yao walibadilika kabisa. Mtoto aliyekuwa mpole alianza kukimbia ovyo, kugombana, kutokulala usiku. Hapo madaktari wakagutuka: kumbe tabia inaweza kubadilika kwa sababu ya ubongo, sio kwa sababu ya malezi mabovu wala roho mbaya.

Kwa Mbongo hilo sio jambo geni. Malaria ikipanda kichwani mtoto akapona, kuna wanaobaki na shida ya kujifunza na kutulia, na watafiti wa Uganda wameliandika hilo kwa watoto waliotibiwa hospitali ya Mulago. Sio kila asiyetulia alipata malaria kali. Kwa wengi hali hii inatoka kwenye damu ya ukoo, inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Ndio maana mara nyingi ukichimba unakuta na baba naye shuleni alikuwa hivyohivyo.

Mwaka 1932 madaktari wawili wa Berlin, Franz Kramer na Hans Pollnow, waliandika kuhusu watoto wanaohangaika muda wote, wakaupa ugonjwa huo jina lenye maana ya kujongea kupita kiasi. Wote walikuwa na asili ya Kiyahudi, utawala wa Hitler ukawafukuza. Kramer alikimbilia Uholanzi. Pollnow alikimbilia Ufaransa, akakamatwa, akauawa kwenye kambi ya Mauthausen mwaka 1943. Kazi yao ikasahaulika kwa muda mrefu.

Majina yaliendelea kubadilika. Mwaka 1980 Wamarekani walisisitiza umakini kuliko utundu, na mwaka 1987 likaja jina linalotumika leo, ADHD. Kwa Kiswahili chepesi ni hali ya kukosa umakini, kutotulia na kushindwa kujizuia. Sio usonji, ingawa mtaani watu wanachanganya, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili.

KIDONGE CHA HESABU

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley alikuwa anafanya kazi kwenye makazi ya watoto wenye matatizo ya tabia huko Rhode Island, Marekani. Watoto walikuwa wanaumwa vichwa baada ya kipimo fulani cha ubongo, akawapa dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine. Vichwa havikupona sana. Ila walimu wakaja mbio: watoto wametulia, wanafanya kazi za shule! Alijaribu kwa watoto 30, karibu nusu wakabadilika vizuri mno darasani. Wenyewe wakaziita vidonge vya hesabu.

Mwaka 1944 mkemia wa kampuni ya Ciba ya Uswisi, Leandro Panizzon, akatengeneza dawa nyingine. Mke wake Rita aliijaribu, akaona inamsaidia kwenye tenisi. Dawa ikapewa jina lake: Ritalin. Ndio mapenzi ya kikemia hayo.

Dawa hizi zinasaidia kweli, na ni za daktari tu, sio za kununua kwa kuulizia. Ila kidonge hakimfundishi mtoto kupanga begi. Hakimfundishi mama namna ya kusema. Hapo ndipo inapoingia njia ya pili.

KISANDUKU CHENYE TAA

Miaka ya 1930 mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa anafundisha panya na baadaye njiwa. Alichogundua, kwa lugha ya uswazi, ni hiki: kitendo kinachofuatwa na kitu kizuri hapohapo, kinarudiwa. Kisichofuatwa na chochote, kinakufa taratibu.

Miaka ya 1960 watu wakaihamishia akili hiyo hospitalini. Teodoro Ayllon na Nathan Azrin, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Illinois, walianza kuwapa wagonjwa vitokeni kila wakivaa wenyewe, wakioga, wakifanya kazi. Vitokeni vinabadilishwa kwa vitu wanavyovipenda. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakaanza kujihudumia.

Halafu darasani. Mwaka 1965 Gerald Patterson wa Oregon aliandika kuhusu mvulana mmoja asiyetulia kabisa. Mezani kwake kiliwekwa kisanduku chenye taa. Akitulia kwenye kazi yake kwa muda mfupi tu, taa inawaka, na anahesabiwa pipi au senti. Ujanja wenyewe uko hapa: mwisho wa kipindi zawadi zilikuwa zinagawiwa kwa darasa zima. Wale wenzake waliokuwa wanamcheka kila akiruka, sasa wakawa wanamshangilia akitulia. Darasa likawa upande wake.

Hiyo ndio roho ya tiba ya tabia. Mtoto wa ADHD anajua kanuni, shida yake ni kusubiri. Ukimwambia "soma ufaulu darasa la saba upate maisha," kwake darasa la saba ni sawa na mwaka 3000. Zawadi ikiwa mbali haipo. Adhabu ikiwa mbali haipo. Kwa hiyo unaisogeza zawadi karibu, unaifanya ndogo, unaitoa mara nyingi.

Mwaka 1976 timu ya Daniel O'Leary huko New York iliongeza kitu rahisi: kikaratasi cha kila siku kinachotoka kwa mwalimu kwenda nyumbani, kina malengo machache tu, na zawadi inatoka kwa mzazi jioni. Kijana mmoja kwenye timu hiyo, William Pelham, mwaka 1980 akaanzisha kambi ya likizo Florida ambako watoto hawa walicheza na kusoma huku wakipata na kupoteza pointi siku nzima. Mfumo huo ulisambaa.

JE, INAFANYA KAZI AU NI STORI?

Mwaka 1999 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, miezi 14. Waligawanywa: dawa iliyosimamiwa vizuri, tiba ya tabia, vyote viwili, au huduma za kawaida mtaani kwao.

Kwenye kutotulia na umakini, dawa ilishinda tiba ya tabia peke yake. Hilo lisifichwe. Ila waliopata vyote viwili walitumia dozi ndogo zaidi, na wazazi waliridhika zaidi. Na watoto walivyofuatiliwa miaka ya mbele, tofauti kati ya makundi zilififia. Somo? Hakuna muujiza wa mara moja. Ni kazi ya kila siku, na ukiacha, faida nayo inaondoka. Kwa watoto wadogo chini ya miaka 6, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kuanza na mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa.

Umeona hapo? Mafunzo kwa WAZAZI. Kwenye tiba hii anayeanza kubadilika ni mkubwa.

NA HUKU BONGO?

Historia ya tiba ya akili kwetu imeanza na watoto bila watu kujua. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua makazi Lutindi, kwenye milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakageuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa akili. Waingereza nao miaka ya 1920 wakajenga Mirembe, Dodoma. Mpaka leo ukimwambia Mbongo "afya ya akili" anawaza Mirembe, ndio maana mzazi anaogopa hata kuuliza.

Darasani mambo yalienda kivyake. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto asome, na 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza. Watoto wakajaa. Ada ilipoondolewa miaka ya 2000 mwanzoni, na elimu bila malipo ilipokuja 2016, wakajaa tena. Mwalimu mmoja na watoto wengi hivyo, asiyetulia anaonekana haraka na anavumiliwa kidogo.

Na fimbo ipo kisheria. Kanuni za viboko za 1979 zilirekebishwa 2002: visizidi vinne, mchapaji awe mkuu wa shule au aliyempa ruhusa, na viandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso kwa mtoto lakini inaacha nafasi ya "kumrekebisha" kwa kiasi kinachokubalika. Kenya walishafuta viboko shuleni 2001. Mwaka 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni, nchi nzima ikazizima.

Mwaka huohuo ukatoka utafiti uliofanyika kwenye sekondari za serikali Tanzania, ukiongozwa na Mabula Nkuba akishirikiana na watafiti wa Ujerumani. Walimu walipewa mafunzo ya siku chache: namna ya kusifia, kuweka kanuni zinazoeleweka, kutoa adhabu isiyo ya kupiga, kumuelewa mtoto msumbufu. Miezi baadaye, ukali wa walimu kwa wanafunzi ulikuwa umepungua ukilinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo. Haukuwa utafiti wa ADHD. Ila umeonyesha mwalimu wa Kibongo, na darasa lake la Kibongo, anaweza kubadilika.

Na kama bado unadhani haya ni magonjwa ya Wazungu: Kampala, kwenye kliniki za watoto za mishipa ya fahamu na akili hospitali ya Mulago, utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta ADHD kwa asilimia 11 ya watoto waliohudhuria. Hao ni wa kliniki, sio wa mtaa mzima. Ila wapo.

VISODA VYA MAMA

Rudi kwa mama wa maandazi. Mpige picha amefika kliniki ya afya ya akili, ameulizwa maswali mengi. Ilianza lini, kabla ya miaka 12? Ni shuleni tu au na nyumbani? Imedumu zaidi ya miezi 6? Anasikia vizuri? Anaona ubaoni? Analala saa ngapi? Kuna lililotokea nyumbani, msiba, ugomvi? Maswali hayo ni ya lazima, maana mtoto asiyesikia vizuri na mtoto mwenye njaa nao hawatulii.

Anarudi nyumbani na mpango, na hauhitaji hela. Anaosha visoda na kopo la maziwa ya unga.

Asubuhi kuna vitu vitatu tu: kuvaa sare, kupiga mswaki, begi mlangoni. Vimechorwa kwenye karatasi ukutani. Kila kimoja kikikamilika, kisoda kinalia "ti!" kwenye kopo hapohapo, na neno: "Umeweka begi mlangoni bila kukumbushwa, safi." Sio "mtoto mzuri" tu. Anamtajia alichofanya.

Amri ni moja kwa wakati. Zamani alikuwa anapiga kelele toka jikoni, "Kaoge, uvae, ulete ndoo, na umwambie dada yako!" Dogo anasikia "kaoge" na mengine yanapaa. Sasa anamfuata, anamgusa bega, anamwangalia: "Leta ndoo." Kisha ananyamaza.

Kazi ya shule ni dakika 10, kisha anaruka kamba dakika 5, kisha 10 tena. Visoda 10 ni ubuyu. Visoda 20 ni katuni nusu saa. Visoda 50 ni Coco Beach Jumapili. Ujinga mdogo, kama kugonga kijiko mezani, unapuuzwa. Akimpiga mdogo wake, anakaa kwenye kigoda pembeni dakika chache bila hotuba, na yakiisha yameisha. Haitwi kilaza. Haongelewi kwa majirani akiwepo.

Kwa mwalimu amepeleka daftari dogo na ombi moja: "Mwalimu, naomba umkalishe mbele, na uweke tiki akimaliza zoezi moja tu." Mwalimu ana watoto wengi, lakini tiki moja inachukua sekunde mbili.

Wiki ya kwanza ni noma. Dogo anaiba visoda, anatafuta vingine kwa muuza soda, anajaza kopo mwenyewe. Bibi anacheka mpaka machozi, "Mnamhonga mtoto!" Siku ya nne mama amechoka, anashika mwiko, anauweka chini. Anavipaka visoda rangi ya kucha nyekundu ili vya kuokota visihesabike. Wiki ya tatu, asubuhi moja, begi liko mlangoni kabla hajaita. Daftari la shule lina tiki tatu kati ya tano.

Tatu kati ya tano. Sio stori ya sinema. Barua ya shule bado iko kabatini na baba bado anaongelea Lindi. Ila jioni hiyo baba amerudi, dogo amemkimbilia na kopo, wakavihesabu wote wawili. Baba amekaa kimya muda, kisha akasema, "Mimi mwenyewe nilikuwa hivi. Nilichapwa mpaka nikaacha shule."

KWA NINI HILI NI LETU

Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadone kwa walioathirika na heroini, na 2012 hospitali ya Mwananyamala ikafuata. Kila asubuhi vijana wanapanga foleni pale. Hakuna anayejua nani kati yao alikuwa mtoto asiyetulia darasa la tatu, na haifai kubahatisha. Kinachojulikana kutoka tafiti za nje ni kwamba mtoto wa ADHD akiachwa bila msaada, hatari ya kuacha shule na kuingia kwenye ulevi na madawa inapanda. Kumsaidia mapema sio kudekeza.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na watu wengi wamelisoma neno hilo kama ruhusa ya fimbo. Wahenga haohao wakasema samaki mkunje angali mbichi. Kukunja sio kuvunja.

Kuna muogeleaji mmoja wa Marekani, mwenye medali 28 za Olimpiki, nyingi kuliko mwanadamu yeyote. Aligundulika na ADHD akiwa na miaka 9. Mama yake, mwalimu kwa kazi, walipatana naye ishara: akiwa jukwaani akimuona mwanae anapandisha hasira, anakunja mkono umbo la herufi C, maana yake "jitulize". Bila kelele, bila fimbo. (Unamjua? Mtaje hapo chini.)

Mtaa huu ulipata jina kwa mama aliyemwambia mwanae anyamaze ili wapite salama. Hakumfinya, alimbembeleza. Mwana nyamala. Labda wazee walikuwa wanajua njia muda wote.

*Wewe ulikuwa mtoto wa aina gani darasani, na nani alikuokoa? Dondosha maoni, na mtumie stori hii mama yeyote mwenye barua ya shule kabatini.*